Showa ya umeme ikikataa kupasha maji: Yapi ya kuchunguza nyumbani na lini aitwe fundi

Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yanapoifunika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na manyunyu kuendelea siku kutwa, wakazi wengi wa miji ya Meru na Embu huitegemea showa ya umeme kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ndio msimu ambapo kifaa hicho kidogo cha plastiki hutumika kupita kiasi, na ndio msimu ambapo hukataa kazi.

Showa hiyo haina tangi la kuhifadhia maji moto. Maji hupashwa papo hapo yanapopita ndani yake. Kifaa cha namna hii kilienea kwanza nchini Brazil, na jina la kampuni ya Lorenzetti, iliyoanzishwa jijini São Paulo mwaka 1923, limezoeleka Kenya kiasi kwamba wanunuzi wengi hulitaja hata wanapoulizia showa ya kampuni nyingine.

Ili kujua kasoro iko wapi, ni sharti kwanza kufahamu kinachotendeka ndani. Mfereji unapofunguliwa, maji huingia katika chumba kidogo na kukisukuma kiwambo cha mpira. Kiwambo hicho nacho huzigusanisha ncha za shaba na kuruhusu umeme upite katika waya uliojisokota, ambao mafundi huuita koili au elementi. Katika showa za kawaida, waya huo huwa uchi ndani ya maji yale yale yanayomwagikia kichwani mwa anayeoga. Jambo hilo huwashtua wengi wanapolisikia kwa mara ya kwanza, na ni vyema liwashtue.

Malalamiko mengi yanayohusu showa hizi chanzo chake ni maji, wala si umeme. Iwapo maji yanatoka baridi kabisa ilhali taa za nyumba zinawaka, huenda msukumo wa maji ni hafifu mno kukiinua kiwambo. Kwa kawaida, sehemu ya chini ya tangi inapaswa kuwa juu ya showa kwa angalau mita moja, na ikiwa mita mbili ni bora zaidi. Nyumba nyingi za kupanga zina tangi lililowekwa juu ya dari tu, kimo ambacho hakimtoshi mpangaji wa ghorofa ya juu ingawa jirani yake wa chini anaoga maji moto bila taabu. Hapo hata koili mpya haitasaidia. Dawa ni kuliinua tangi au kuweka pampu ndogo ya kuongeza msukumo.

Maji yakiwa na msukumo mkubwa mno, kama inavyotokea katika nyumba zilizounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani huko mteremkoni, huwa vuguvugu kwa sababu yanapita haraka. Hesabu yake si ngumu. Showa ya wati 5,500 ikipitisha lita tatu kwa dakika huyaongezea maji joto la nyuzi 26 hivi. Kwa hiyo maji yaliyoingia yakiwa na nyuzi 15 yatatoka yakiwa na nyuzi 41, joto la kuoga kwa raha. Ikipitisha lita tano, nyongeza hiyo hushuka hadi nyuzi 16 tu. Kuufunga mfereji kidogo hutatua tatizo bila kutumia hata shilingi moja.

Kuna pia wale ambao maji yao huwa moto mchana na vuguvugu jioni. Hao wasiilaumu showa. Jioni watu wengi hutumia umeme kwa pamoja, na katika vijiji vilivyo mbali na transfoma nguvu yake hupungua. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, showa ya wati 5,500 hubakia na takriban wati 3,800.

UCHAFU NA CHUMVI

Mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, mathalani Rupingazi upande wa Embu na Kathita upande wa Meru, hubadilika rangi wakati wa mvua za masika na za vuli. Matope laini na mchanga huingia mabombani, kisha huziba matundu ya sahani ya showa na kichujio kilicho mahali bomba linapoingilia. Dalili yake ni maji kutoka kwa mistari michache iliyopinda, au showa kuwaka na kuzima ovyo.

Kazi hii mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe. Kwanza azime swichi kubwa ya nyumba iliyo karibu na mita, wala asitegemee ile ya bafuni peke yake. Kisha aifungue sahani kwa kuizungusha, aisugue kwa mswaki wa zamani, na aiache ndani ya siki usiku kucha ikiwa ina ukoko mweupe. Matundu yazibuliwe kwa kijiti cha meno. Sindano huyapanua na kuharibu mtiririko. Wakati wa mvua, usafi huu ufanywe kila mwezi. Nyakati nyingine, kila baada ya miezi mitatu yatosha.

Katika sehemu kavu za chini, kama Mbeere na Tharaka, ambako wengi hutegemea visima, maji mara nyingi huwa na chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji ya mtoni, na aidha huila koili iliyo uchi. Madukani huuzwa showa zilizotengenezewa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa kwa bomba la chuma. Bei yake ni ya juu kidogo. Anayeishi Siakago au Kiritiri na kununua ile ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, atanunua koili mara kwa mara, na si ajabu akatekenywa na stima kila anaposhika mfereji.

Kosa linaloua koili nyingi zaidi, hata hivyo, hutokea siku mfereji uliokauka unaporudisha maji. Bomba huwa limejaa hewa. Hewa hiyo ikisukumwa kwa nguvu huweza kukiinua kiwambo, na koili ikawaka bila maji ya kuipoza; sekunde chache zatosha kuikata. Kwa sababu hiyo, baada ya kila mgao wa maji, showa iachwe itiririke ikiwa imezimwa kwenye swichi hadi maji yatoke mfululizo, ndipo iwashwe. Vivyo hivyo showa mpya, au iliyobadilishwa koili. Kitufe cha kuchagua joto nacho kisizungushwe maji yakiwa yanatoka, kwani cheche huunguza ncha za shaba.

UMEME

Mtu akihisi mtekenyo, hata mdogo kiasi gani, kuoga kukome papo hapo na swichi kubwa izimwe. Mtekenyo huo haupaswi kuzoeleka. Ni ishara kwamba umeme unaovuja haupati njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mwilini mwa anayeoga.

Njia hiyo ni waya wa rangi ya kijani na manjano, ambao lazima utoke kwenye showa hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba. Mafundi wa mitaani wana mazoea mabaya ya kuukata waya huu au kuufunga kwenye bomba la maji. Zamani mabomba yalipokuwa ya chuma, pengine hilo lilisaidia. Siku hizi mabomba ni ya plastiki na halina faida yoyote. Hata fimbo yenyewe huhitaji kukaguliwa, kwa kuwa udongo ukikauka sana wakati wa kiangazi hupunguza uwezo wake wa kuupokea umeme.

Jambo la pili ni unene wa nyaya. Showa ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta takriban ampea 23. Mzigo huo unahitaji waya wake pekee kutoka kwenye boksi la umeme, na wenye unene wa milimita 6 za mraba huwa salama. Waya wa taa, ambao ni wa milimita 1.5, utapata moto ndani ya ukuta. Harufu ya plastiki inayoungua, swichi inayobadilika rangi na kuwa kahawia, au taa zinazofifia kila showa inapowashwa, ni dalili za nyaya nyembamba au zilizolegea.

Swichi ya bafuni iwe ile kubwa inayozikata nyaya zote mbili, nayo iwekwe nje ya mlango. Boksini pawe na kifaa cha kukata umeme punde unapovuja, chenye kipimo cha miliampea 30. Wapo wanaokiondoa kifaa hicho kwa madai kwamba kinawasumbua kwa kujizima kila mara. Kinapojizima huwa kimegundua uvujaji, hasa pale showa ya koili iliyo uchi inapotumia maji ya chumvi. Kinachopaswa kubadilishwa ni showa.

Kazi ya nyaya, fimbo na boksi si ya mwenye nyumba. Ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na mteja ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Wapangaji huwa katika hali ngumu zaidi, kwa maana hawana ruhusa ya kugusa nyaya za mwenye ploti. Jambo wanaloweza kufanya ni kuifungua sahani ya swichi macho tu, yaani kumwomba msimamizi awaonyeshe fimbo ya ardhini ilipo kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza.

Ikitokea mtu amenaswa na umeme bafuni, asishikwe. Swichi kubwa izimwe kwanza, ndipo aondolewe majini na kupelekwa hospitalini hata akisema amepata nafuu. Hitilafu ikiwa ni ya nguzo au ya waya unaoingia nyumbani, Kenya Power hupokea taarifa za dharura kwa nambari 97771.

Kuhusu gharama, kuoga kwa dakika kumi kwa showa ya wati 5,500 hutumia karibu uniti moja ya stima. Familia ya watu watano wanaooga kila siku itahitaji takriban uniti 82 kwa mwezi iwapo kila mmoja atatumia dakika sita tu, na uniti 412 hivi iwapo kila mmoja atatumia dakika thelathini.