Stesheni ya Kidatu, Moja kwa Mia

Modeli yangu ya stesheni ya Kidatu inaenea juu ya sinia. Nguzo ni vijiti vya mishikaki. Paa nimelichora mistari kwa biro iliyokwisha wino, kwenye karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Mikunjo ya boksi ingekuwa mikubwa mno, kwani bati gani lina mawimbi ya nusu mita?

Kilichonitoa jasho ni kingo za jukwaa, maana kingo hufuata reli, na hapa, chini ya milima ya Vidunda, zinakutana reli mbili. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa kupitia Mikumi lilifika 1965, upana wake mita 1, kama Wajerumani walivyoanza Dar es Salaam mwaka 1905. TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China, ina milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia. Kwenye sinia tofauti haifiki hata milimita moja, ila behewa halivuki.

Kituo cha kuhamishia makontena kilifunguliwa 1998 tu. Modeli ya 1976 isingekuwa nacho. Nimechagua 1998, makontena nayakata kwenye boksi la dawa ya meno, urefu milimita 61.