Zermatt wakati wa kaskazi na wakati wa kusi

Dada yangu ameolewa Uswisi, na kwa sababu yake nimefika Zermatt mara mbili: Februari, wakati kwetu ni joto la kaskazi, na Julai, nikiwa na mama. Kila nikionyesha picha naulizwa wakati gani ni bora kwenda. Jibu linategemea unakwenda na nani.

Zermatt ni mji mdogo ulioko mita 1,600 hivi juu ya bahari, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Magari ya petroli hayaruhusiwi. Unaliacha gari Täsch, unamalizia kwa treni.

Februari kila mtu ana mbao zake begani kama mvuvi na makasia. Njia za kuteleza zina rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ya wastani, nyeusi ya mabingwa. Mimi sikuvuka buluu, na hiyo nayo niliimaliza kwa makalio zaidi kuliko miguu. Jaketi langu la mitumba la Kongowea lilinitosha kabisa. Glavu za sufu ndizo zilizoniaibisha, zikilowa hazina kazi. Usitoke nje ya njia zenye alama. Hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kila siku kwa daraja 1 hadi 5, na usidanganyike kwamba 3 ni ya katikati tu; inaua.

Kosa langu lilikuwa jingine. Siku ya kwanza tu nilipanda gari la waya mpaka Matterhorn Glacier Paradise, mita 3,883. Huko oksijeni ya kila pumzi haifiki theluthi mbili ya ile ya Mombasa. Nusu saa haikupita, kichwa kikaanza kugonga na kichefuchefu kikanishika. Nilipona kwa kushuka.

Kwa hiyo Julai, na mama ana presha, niliogopa. Tulimuuliza daktari wake kwanza, halafu tukalala mjini siku mbili kabla ya kupanda popote. Kule juu kabisa hatukwenda. Tulichukua treni ya Gornergrat, inayopanda tangu 1898 hadi mita 3,089, lakini tukateremka kituo cha Rotenboden, mita 2,815. Chini kidogo kuna ziwa la Riffelsee, na kukiwa shwari unauona Matterhorn kichwa chini majini. Mama alikaa juu ya jiwe na tasbihi yake, kichwa hakikumuuma. Haraka hatukuwa nayo, Julai Maghribi huingia saa tatu ya usiku ikishapita.

Juu bado watu walikuwa wakiteleza, maana barafu ya Theodul hutumika hata kiangazi. Lakini barafu za Uswisi zilipoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Karibu na kituo nilimwonyesha mama ule mto wa barafu wa Gorner bondeni, rangi ya kijivu, umejaa mawe.

"Ndiyo ile theluji ya picha zako?" akaniuliza. "Mbona ina vumbi?"