TABITHA WA KIBERA

Somo letu la leo ni Matendo ya Mitume, sura ya 9, mstari wa 36 hadi 42. Humo tunasoma habari za Tabitha, mwanamke wa Yafa. Hatuambiwi kwamba alikuwa na cheo. Alishona nguo za wajane, na alipofariki, wajane hao walimwonyesha Petro nguo zile huku wakilia.

Leo nataka kuwasimulia habari za Tabitha mwingine, aliyeishi hapa Nairobi, mtaani Kibera. Hapo zamani palikuwa msitu, na wakoloni Waingereza wakawaweka Wanubi waliokuwa askari wao. Baadaye watu wa kila kabila walifika kutafuta riziki, wakajenga nyumba za udongo na mabati.

Jina lake Tabitha Atieno Festo. Alikuwa muuguzi asiye na kazi, tena mjane mwenye watoto. Mwaka 2000 alimwendea Rye Barcott, mwanafunzi Mmarekani aliyekuja Kibera kwa ajili ya masomo, akamwomba shilingi 2,000 za kuanzia biashara ya mboga. Kijana akampa, kisha akarudi kwao.

Aliporudi Kibera mwaka 2001, alikuta jambo ambalo hakulitazamia. Mama yule alikuwa ameuza mboga, na kwa faida yake alikuwa amefungua zahanati ndogo nyumbani kwake, akiwatibu majirani! Mwaka huo huo, wao wawili pamoja na Salim Mohamed walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Tabitha alifariki mwaka 2004, lakini zahanati haikufa naye. Iliendelea, ikaitwa kwa jina lake.

Ndugu zangu, ni nani aliyemfundisha mama huyu uongozi? Wazee walisema, aisifuye mvua imemnyea. Alijua maana ya kulala na wasiwasi wa kesho, kwa hiyo mgonjwa alipobisha hodi, hakuhitaji kuelezwa shida. Maisha yake yalikuwa shule yake. Angaliweza kuzila zile faida zote, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliwakumbuka waliokuwa katika hali ile ile aliyoijua.

Sasa tujiulize sisi tulio kanisani. Tunapochagua wazee na viongozi wa akina mama, tunatazama nini? Mara nyingi tunatazama suti, gari na vyeti. Pale Kawangware, jirani wa Kibera, yuko mama anayekata sukuma wiki kando ya barabara tangu alfajiri. Amezika mume, amelea watoto, na majirani humwendea wakiwa na taabu. Jumapili huketi kiti cha nyuma, akiona haya kwa sababu ya maisha aliyopitia. Nasi tunamwacha hapo hapo.

Na wewe unayenisikiliza, usiyafiche uliyopitia kana kwamba ni aibu. Huenda Bwana amekupitisha huko ili ujue njia ya kuwaongoza wengine.

Tuombe. Ee Baba, tufungue macho tuwaone watumishi uliowafunza katika taabu. Tupe moyo wa kuwatumikia wengine kwa yale tuliyojifunza. Katika jina la Yesu. Amina.