Saa ya Kumeza Dawa ya Presha: Hoja kutoka Pwani ya Kwale

Kati ya Diani na Vanga, mgonjwa wa presha akitoka kliniki na bahasha yake ya amlodipini huwa ameshaambiwa: kidonge kimoja, kila asubuhi. Agizo hilo limezoeleka mno hata hakuna anayelihoji. Nadai kwamba saa hiyo ya asubuhi haina nguvu ya kitabibu tunayoipa, na kwamba kwa watu wengi wa Kwale inavuruga tiba yenyewe.

Sababu ya kujali saa ipo. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 mtu anapolala, kisha hupanda alfajiri. Viharusi na mishtuko ya moyo pia huzidi asubuhi. Kwa Waafrika wengi, mshuko huo wa usiku ni mdogo. Hivyo utafiti wa Hygia wa Hispania ulipotangaza mwaka 2019, kutokana na wagonjwa zaidi ya 19,000, kwamba kumeza dawa wakati wa kulala kunapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 45, wengi walivutika. Punguzo kubwa hivyo lilitia shaka, na namna wagonjwa walivyogawanywa ikahojiwa. Kisha ukaja utafiti wa TIME wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 21,104 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Waliopatwa na matukio hayo walikuwa asilimia 3.4 ya waliomeza jioni na asilimia 3.7 ya waliomeza asubuhi, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Utafiti wa BedMed wa Kanada, mwaka 2025, ulifikia hitimisho hilohilo.

Amlodipini yenyewe inaunga mkono jambo hili: mwili huchukua saa 30 hadi 50 kupunguza kiwango chake kwa nusu. Na utafiti wa CREOLE wa 2019, uliohusisha nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa michanganyiko yenye amlodipini ndiyo iliyoshusha presha vizuri zaidi.

Sasa mtazame mvuvi wa Gazi au Shimoni. Maji kujaa na kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, na kazi yake husogea nayo. Wiki hii asubuhi yumo baharini, wiki ijayo amelala baada ya kuvua usiku kucha. Mhudumu wa zamu ya usiku katika hoteli za Diani naye hulala jua likiwaka. Ukiwaambia hawa «asubuhi», siku wakiipita hudhani dozi imeshapotea, na husubiri kesho. Hapo ndipo presha inapopanda.

Kwale ina Waislamu wengi, na magharibi huku karibu na ikweta haibadiliki hata kwa saa nzima mwaka mzima. Wakati wa swala hiyo ni nanga ya dawa iliyo thabiti kuliko zamu yoyote. Ramadhani, saumu ikichukua takriban saa 13 na nusu, anayemeza jioni habadilishi chochote. Anayemeza asubuhi hulazimika kuhamia daku au futari, na ni afadhali apangiwe mapema kuliko ajipangie mwenyewe au aache mwezi mzima.

Tahadhari zipo, nami nazichukulia kwa uzito. Dawa za kuongeza mkojo zikimezwa usiku humwamsha mzee kwenda msalani gizani, na kuanguka kwake kunaweza kumvunja nyonga. Zikimezwa daku humkausha mfungaji katika joto la mchana. Dawa za muda mfupi, zinazomezwa mara mbili au tatu kwa siku, haziingii katika hoja hii hata kidogo.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2015 zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha. Aliyepimwa, akagunduliwa na akaanza tiba amevuka vizingiti vingi. Kabla ya kuandika kwenye bahasha, tumuulize: ni saa gani ya siku yako haikosekani? Tuandike hiyo, na chini yake: ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, usimeze viwili kesho.