Gitaa la Jikoni kwa Akina Seeger

Jikoni kwa familia ya Seeger, karibu na jiji la Washington, palikuwa na gitaa lililotundikwa ukutani. Siku moja binti wa nyumba hiyo, Peggy, aliingia akamkuta mama wa kazi amelishusha, analicharaza. Alikuwa amewapikia, amewapigia nguo pasi na kuwaangalia watoto muda wote huo, na hakuna aliyejua kuwa ni fundi wa nyuzi. Jina lake Elizabeth Cotten. Pale nyumbani walimwita Libba, jina alilopewa na Penny, mtoto wao mwingine.

Kazi yenyewe aliipata kwa bahati. Alikuwa akiuza katika duka kubwa la Lansburgh's pale Peggy alipopotea kati ya wateja, naye akamshika mkono na kumrudisha kwa mama yake. Mama huyo, Ruth Crawford Seeger, alikuwa mtunzi wa muziki. Yeye na mumewe Charles walitumia miaka mingi kukusanya nyimbo za wananchi wa kawaida wa Marekani na kuziandika kwa nota. Kumbe mmoja wa waliozibeba nyimbo hizo alikuwa akisimama kila wiki mbele ya jiko lao.

Elizabeth alizaliwa mwaka 1893 huko North Carolina. Akiwa bado mtoto aliacha shule, akaenda kufanya kazi za ndani kwa mshahara wa senti 75 kwa mwezi, akadunduliza mpaka akapata dola 3.75 za kununulia gitaa. Hesabu hiyo tu inatosha kuonyesha alivyolitamani: ni mshahara wa miezi mitano, bila kula hata senti moja.

Alikuwa mashoto, na hakuwa na mwalimu wa kumwambia abadilishe nyuzi. Akaligeuza gitaa zima. Kwa hiyo nyuzi nene, ambazo kwa wengine huwa juu, kwake zilikaa chini, karibu na magoti. Vidole ndivyo vilivyopiga besi, na dole gumba ndilo lililoimbisha sauti ya wimbo. Wapenzi wa gitaa kavu la Katanga wanajua jinsi Mwenda Jean Bosco alivyojaza chumba kwa dole gumba na kidole cha shahada. Kwa Libba kazi za dole gumba na za vidole zilibadilishana, kama mtu anayesonga ugali kwa mkono wa kushoto na ukaiva vilevile. Mtindo huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Akiwa na miaka 11 au 12 alitunga "Freight Train", kuhusu treni ya mizigo iliyopita karibu na kwao. Kisha akaolewa akiwa msichana mdogo, akazaa, na wakubwa wa kanisa wakamwambia aachane na muziki wa kidunia. Akatii. Zaidi ya miaka 20 gitaa lilikaa kimya, mpaka siku ile jikoni.

Peggy aliuchukua wimbo ule hadi Uingereza. Huko wanaume wawili wakauandikisha kuwa mali yao, na mwaka 1957 ukavuma kwa sauti ya Nancy Whiskey na kundi la Chas McDevitt. Hili linaniuma kila nikilikumbuka: wimbo wa mtoto aliyefanya kazi za ndani unaleta fedha ng'ambo, na mwenyewe bado yuko kwenye kazi za ndani. Familia ya Seeger ilimsaidia kupigania haki yake, na jina lake likarudishwa kwenye wimbo.

Mike, kaka yake Peggy, alimrekodi Libba chumbani, nyumbani kwa Libba mwenyewe, na santuri ikatolewa na kampuni ya rekodi ya Folkways mwaka 1958. Baada ya hapo majukwaa yalifunguka, akiwa ni bibi tayari. Kwa fedha za maonyesho alinunua nyumba yake mwenyewe huko Syracuse, New York. Tuzo ya Grammy ilimfikia miaka miwili tu kabla ya kifo chake, tarehe 29 Juni 1987.

Mimi lakini humrudia zaidi katika "Shake Sugaree". Beti zake aliwaachia vitukuu vyake watunge, kila mmoja wake, usiku kabla ya kulala. Kwenye rekodi haimbi yeye. Anaimba kitukuu chake Brenda, mwenye miaka 12, na bibi yuko nyuma yake, besi inatembea pole pole chini ya vidole vilivyokanda mikate ya watu wengi.