Tshimanga Biakabutuka: Mukongomani mwenye alikimbia na mupira mu Marekani

Hapa Isangi, sawa na ku Kisangani, tukisema "mupira" tunawaza mupira wa miguu. Lakini kuna Mukongomani mwenye alipata jina mu mupira wa namna ingine: ule wa Marekani, wenye kubebwa mukononi. Ni Tshimanga Biakabutuka. Wamarekani walimuita Tim.

Ni muchezo gani?

Kila ekipe inaingiza watu 11, na mupira wenyewe ni murefu, unafanana na yai. Ekipe yenye mupira inapewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10, ni kusema karibu mita 9. Ikishindwa, wapinzani wanauchukua. Biakabutuka alikuwa mukimbiaji: mupangaji wa muchezo anamupatia mupira, naye anapenya katikati ya wanaume wanene wenye kazi yao ni kumuangusha. Mukimbiaji mukubwa anaweza kuangushwa mara 20 ao 30 mu mechi moja. Magoti na miguu njo vinalipa.

Kutoka Kinshasa mupaka Michigan

Alizaliwa Kinshasa tarehe 24/01/1974. Akiwa bado mutoto, jamaa yake ilihamia Canada, mu Longueuil, karibu na Montréal, kwenye watu wanasema Kifaransa. Alichezea koleji ya Vanier, kisha Iniversite ya Michigan, mu Marekani, ikamuchukua.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 25/11/1995. Ohio State, wapinzani wa zamani wa Michigan, walifika bila kupoteza hata mechi moja musimu ule. Walikuwa na Eddie George, mwenye mwaka ule ule alipewa zawadi ya Heisman, ya muchezaji bora wa mainiversite. Lakini siku ile Biakabutuka njo alitawala kiwanja. Alibeba mupira mara 37 na kupata yadi 313, karibu mita 286. Michigan ikashinda 31 kwa 23. Musimu ulipoisha, alikuwa na yadi 1.818, rekodi mpya ya iniversite yake.

Mu ligi ya wenye kulipwa

Mu NFL, ekipe zinachagua vijana kwa zamu. Mu 1996, Carolina Panthers walimuchagua, akiwa wa 8 kati ya vijana wote. Panthers walikuwa ekipe changa: walianza kucheza mu 1995 tu.

Alicheza mechi 4, kisha kamba ya goti ikakatika. Musimu wake ukaishia pale. Ekipe iliendelea bila yeye, ikafika hatua moja mbele ya fainali.

Alirudi kiwanjani, lakini maumivu yalimufuata. Musimu wake muzuri ulikuwa wa 1999: alipata yadi 718. Tarehe 03/10/1999, mbele ya Washington, alifikisha mupira mara 3 nyuma ya mustari wa wapinzani, zote mu robo ya kwanza ya mechi. Hata hivyo Panthers walipoteza 38 kwa 36. Mu 2001 aliumia muguu vibaya, na kazi yake ya mupira ikaisha. Alikuwa na miaka 27.

Hesabu inasema nini?

Mu NFL yote, kuanzia 1996 mupaka 2001, alipata yadi 2.530. Mu musimu mumoja wa iniversite alikuwa amepata 1.818. Ni kusema nguvu yake kubwa ilionekana mbele ya kuanza kulipwa, juu wakati ule wachezaji wa mainiversite hawakuruhusiwa kupokea mushahara. Ligi ilipoanza kumulipa, goti halikungoja hata mechi ya 5.

Kiisha mupira, aliingia mu biashara kule Marekani: restora, na pia kuuza vito. Kijana wa hapa mwenye anataka kuacha masomo juu ya mupira, wa miguu ao wa mukono, ahesabu vizuri: Biakabutuka alichaguliwa wa 8 mu inchi kubwa vile, na kazi ile ilidumu misimu 6 tu. Miaka yenye ilibakia, alipaswa kuishi na kazi ingine.