Redio ya 1922 Ndani ya Gari Bovu la Kuchezea

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka tufungue gari la kuchezea, lile la plastiki lenye rimoti na eria ndefu, linalouzwa kwenye marundo ya mitumba hata huku Keumbu, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka. Mengi hufika yakiwa maiti. Aliyekuwa nalo kwanza alisahau mawe ndani, mawe yakavuja, vyuma vikaota kutu ya kijani. Likishashindikana, huishia kwenye gunia nyuma ya kibanda cha fundi wa redio, na wengi wetu tukilipita gunia lile tunaona takataka. Mimi nasema ni maktaba. Shida ni kwamba vitabu vinavyoingia siku hizi vimefungwa kwa gundi. Nitafika huko.

Kwanza, kwa nini fundi wa redio? Kwa sababu umeme wa nyaya ulichelewa sana kufika vijijini, na chombo cha kwanza cha elektroniki kuingia katika nyumba nyingi kilikuwa redio ya transista, inayokula mawe. Biashara ya mawe ilikuwa nono kiasi kwamba Eveready walijenga kiwanda Nakuru mwaka 1967 (kilifungwa 2014). Redio zikaharibika, mafundi wakapatikana. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, liliandika juu ya sekta isiyo rasmi kama uchumi wa kweli, na watu wa vibanda kama hivi ndio waliokuja kuitwa jua kali. Wakati ule hakukuwa na mahali pa kupakua maelezo ya kipuri. Fundi alisoma kilichoandikwa mgongoni mwa kipuri, na kisipoeleweka alikipima.

Na migongo ile inasema mengi kama unajua kusoma. Chukua AC128 kutoka redio ya zamani ya Ulaya. Herufi ya kwanza ni mali ghafi: A ni jemaniamu, B ni silikoni. Ya pili ni kazi: C ni transista ndogo ya sauti. Kwa hiyo BC108 ni binamu yake wa silikoni. Utaratibu huu ulisimamiwa na Pro Electron, shirika lililoundwa Brussels mwaka 1966. Wajapani nao walikuwa na wao: 2SA, 2SB, 2SC, 2SD. Kwa kuwa "2S" ni ileile kwa zote, kwenye kipuri waliiacha, ndiyo maana utaona C1815 tu. Halafu kuna 9014, 8050 na 8550, namba tupu zisizo na herufi ya maana, ambazo zimejaa kwenye vichezeo vya Uchina. Panga transista za fundi mmoja mzee kwa majina na umepanga historia ya bidhaa zilizofika Kenya: Ulaya, kisha Japani, kisha Uchina. Sijui kitabu kinachoeleza jambo hilo kwa ufupi kuliko kikopo kile.

Haya, bisibisi. Ndani ya gari la miaka ya 1990 utakuta bodi ndogo ya rangi ya kahawia, na resista zikiwa na mistari ya rangi. Rangi hizi zilibuniwa na chama cha watengenezaji redio wa Marekani miaka ya 1920. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Manjano, zambarau, nyekundu ni 4, 7, na sufuri mbili: omu 4,700. Mstari wa dhahabu pembeni ni ahadi kwamba haitazidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 5. Kabla ya kupima, ng'oa mguu mmoja. Ikibaki imelehemiwa pande zote mbili, mita inapima pia majirani zake, nawe utaihukumu resista kwa makosa ya wengine.

Transista ya kawaida hupimwa kama dayodi mbili zilizopeana mgongo. Mita ya kidijitali inatakiwa ionyeshe takriban volti 0.6 kutoka mguu wa besi kwenda kwa kila mmoja wa ile miwili. Ukipata 0.2 au 0.3 umeshika jemaniamu, mtunze huyo mzee. Lakini mafundi wengi bado wana mita ya mshale, na hapa pana mtego ambao umewatupisha watu vipuri vizima: kwenye kupima omu, waya mweusi wa mita za aina hiyo ndio chanya. Ukiuweka mweusi kwenye besi na mshale ukaruka kwa miguu yote miwili, hiyo ni NPN, kama 8050. Ukihitaji mwekundu kwenye besi, ni PNP, kama 8550. Mshale una faida yake pia. Kwenye kapasita kubwa unaruka kisha unarudi polepole. Usiporuka kabisa, kapasita imekauka. Ukiruka na kubaki hukohuko, imeungua.

Kristali haipimiki hivyo. Nzima au mbovu, mita itaonyesha hakuna njia. Inabidi uiweke kwenye saketi uone kama inatikisika. Mara nyingi imeandikwa 27.145, yaani megahezi. Kwa nini hapo? Eneo la 27 ni mojawapo ya yale ya viwanda, sayansi na tiba, utaratibu ulioanzia kwenye mkutano wa mawasiliano wa Atlantic City mwaka 1947. Desemba ya mwaka huohuo transista ya kwanza ilifanya kazi Bell Labs.

Sasa tafuta transista iliyo peke yake karibu na eria, yenye koili ndogo ya waya kando. Hiyo moja ndiyo redio yote. Ni saketi ya Edwin Armstrong, Mmarekani, ya mwaka 1922: inachukua mawimbi dhaifu, inayazungusha na kuyakuza hadi karibu kupiga kelele yenyewe, inajizima, inaanza tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Kampuni ya RCA ilimlipa dola 200,000 na hisa 60,000 kwa uvumbuzi huo, kisha ikagundua kwamba haufai kwa redio za nyumbani kwa sababu hauwezi kutenganisha stesheni zilizokaribiana. Katika Vita Kuu ya Pili ulitumika kwenye ndege za Uingereza kujitambulisha kwa rada. Baadaye ukaangukia kwenye vichezeo, kwa sababu hakuna redio rahisi kuliko yenye transista moja. Ule udhaifu haukuondoka: washa magari mawili ya 27 pamoja uone yanavyogeukiana.

Karibu yake kuna chipu yenye miguu 16, RX-2B, na kwenye rimoti kuna TX-2B ya miguu 14. Hapa ndipo mimi mtu wa programu nilipofurahi kweli. Rimoti haitumi neno, inatuma hesabu. Mapigo 10 ni mbele, 40 nyuma, 58 kushoto, 64 kulia, na gari linahesabu tu. Chukua spika ya sikio, iunganishe kupitia kapasita kwenye mguu wa 8 wa TX-2B, bonyeza kitufe, utayasikia. Mapigo ya amri ni 1,000 kwa sekunde, hayazidi uwezo wa sikio la mtu.

Ila fungua gari jipya zaidi. Mahali pa chipu pana tone jeusi la gundi ngumu, na chini yake kipande cha silikoni kisicho na jina, kilichobandikwa moja kwa moja kwenye bodi. Resista zimekuwa punje zisizozidi mbegu ya wimbi, bila rangi. Sioni kwamba kuna aliyekusudia kumficha fundi kitu. Ni rahisi zaidi kutengeneza, basi. Lakini kijana anayetaka kujifunza, ambaye kwake duka la vipuri ni nauli ya kwenda Kisii mjini au usiku mzima hadi Luthuli Avenue na kurudi, amenyang'anywa mwalimu wa bure.

Kwenye gari hilo jipya kinachobaki kusomeka ni mota. Izungushe kwa vidole huku mita ikiwa kwenye volti, na ikionyesha chochote ni nzima, maana mota ya sumaku ukiizungusha inageuka jenereta. Watoto huku hawaingoji hata mita. Huigusisha kwenye jiwe moja, na ikilia wanaifunga kwa mpira kwenye gari la waya.